Yuro Aliyelelewa kwa Mkate

"Ukiwaachia leo, shemeji, kesho sleji zetu utazivuta kwa meno?" Hadne alimuuliza Ilko, kamba ya kukamatia kulungu ameikunja mkononi kama mtu aliyekuja kupigana.

"Meno yenyewe yamebaki manne," Ilko akajibu. "Nitavuta mpaka yaishe."

Walikuwa wameanza tangu chai ya asubuhi, kila mmoja mbele ya hema lake, na Savane, mke wa Ilko, aliacha kukanda unga ili asipitwe na neno. Ilko alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Hadne. Tangu msiba ule mahema mawili yalihama pamoja, masika kwenda kaskazini baharini, vuli kurudi kusini msituni, na kulungu wao wote, wale wafugwao wa nchi za baridi, wavutao sleji za kuteleza juu ya theluji, walikuwa kundi moja. Kugombana kwao kulikuwa kama chumvi ya safari. Siku hiyo, lakini, hakuna aliyecheka.

Mvua ndiyo iliyoleta maneno. Ilinyesha juu ya theluji, mvua ya kweli, katika mwezi ambao hata mate huganda kabla hayajafika chini. Kisha baridi ikarudi, nyika yote ya Yamal, kaskazini mwa Urusi, ikawa kioo cha barafu. Vijani vyeupe wanavyokula kulungu majira yote ya baridi vilikuwa palepale chini, shubiri moja tu, navyo ni kama viko mwezini. Wanyama walipiga kwato mpaka zikatoka damu, wakalamba barafu, wakabaki kuwatazama watu. Redio ilisema helikopta italeta chakula hali ya hewa ikiruhusu. Nani asiyeijua hali ya hewa ya Yamal?

Ilko alishikilia kwamba limebaki jambo moja: kuwafungua wote, hata wale wa kuvuta sleji, waende pua zao zinakotaka. Huenda upande wa baharini mvua haikufika. Aliyefungwa atakufa mbele ya macho yako. Aliyeachwa labda atakufa, labda hatakufa. Hadne akamwambia hiyo labda yake ni pana kuliko mto Ob, na kwamba hema lisilo na kulungu wa kulihamisha ni kaburi lenye jiko ndani. Ilko naye akamrudishia kwamba mwanamke anayelea kulungu kwa mkate asimfundishe mtu uchungaji.

Hilo lilimchoma, maana Yuro alikuwa amesimama nyuma yake, ananusa mfuko wake. Yuro alizaliwa kwenye dhoruba, mama yake akafa, na Hadne akafanya wanavyofanya wanawake wote wa huko: akamwingiza hemani, akamlaza karibu na jiko, akamlisha mkate uliolowekwa kwenye mchuzi wa samaki. Ila yeye alipitiliza. Ndama kama hao hurudishwa kundini majira ya joto yakiingia. Hadne alikuwa mjane mbichi, hema limemkalia kimya, akasema ngoja kidogo. Ngoja kidogo ikawa miaka miwili.

Wakiwa bado wanatupiana maneno, jike aliyeongoza sleji ya Hadne akapiga magoti taratibu, akalala. Hakutoa sauti. Hadne alimwendea, akamshika masikio, akamwita, akamvuta, akamwomba. Mwisho akamvua mshipi wa ngozi shingoni, akasema bila kugeuka, "Wafungue basi."

Waliondoka bila haraka, kwato zikilia juu ya barafu kama vyombo vinavyoanguka jikoni. Wale wa kuvuta nao walikwenda, alama za mishipi zingali vifuani. Savane alilia waziwazi. Ilko alijifanya anakunja kamba.

Yuro alibaki.

Hadne alimsukuma. Akamchapa kwa ule mti mrefu wa kuendeshea sleji, kidogo, kisha kwa nguvu, na Yuro akarukaruka akidhani ni mchezo wao wa zamani. Akamtia kamba, akamfuatisha kundi kwa miguu mpaka mahema yakawa kama vipele viwili kwenye theluji. Akamwacha huko, akarudi bila kutazama nyuma. Alipofika nyumbani, Yuro alikuwa mlangoni, amezunguka na kumtangulia.

"Hajui kuchimba chakula chini ya theluji," Hadne alimwambia Ilko. "Hata barafu iyeyuke leo, hajui. Mimi ndiye niliyemnyima kujua."

Ilko alitazama kule kundi lilikopotelea. Gunia la unga lilikuwa limebaki moja kwa mahema mawili, na Yuro hakujua chakula kingine ila mkate. Akaingia kwake. Hadne akasikia mume na mke wakinong'ona, kisha sufuria ikiepuliwa.

Ngozi ya mlangoni ikafunuliwa.

"Shemeji, samaki ameiva. Njoo ule," Ilko akasema. Na Hadne alipobaki amesimama, mkono shingoni mwa Yuro, akaongeza, "Ingia naye basi. Joto linatoka."