Kioo Namba Nne

Jumamosi moja ya mwaka 1995, Mhoja, fundi saa wa Mabatini, alikwenda Igoma kwa Teodora, muuza mitumba ya kamera na miwani. Alitaka kioo cha jichoni cha darubini aliyoiunda kwa bomba la maji. Teodora alimweleza kwamba kioo chenye namba kubwa kinakuza kidogo, lakini mwezi unaonekana wote na unatulia. Wageni wa kazi hii, alisema, hukimbilia namba ndogo, kisha hurudi wenyewe.

"Antoni alichukua ngapi?" Mhoja aliuliza.

"Kumi."

"Basi nipe nne."

Antoni alikuwa jirani yake. Walipunguzwa kazini siku moja kiwanda kilipouzwa. Antoni akapata gari, Mhoja akapata vidonda vya tumbo. Ukweli usemwe, wivu ulikuwa unamla. Jirani akikaanga vitunguu tu, yeye chakula hakishuki.

Jioni ile nusu mwezi ilikuwa juu ya mawe ya kilimani. Kwenye namba nne ulikuja na giza, ukitetemeka kama uji jikoni. Mhoja alibana pumzi mpaka ukatulia. Kule mwezini viwanja vilikuwa vimeshapimwa, bikoni za mipaka zimepakwa chokaa, na Antoni alikuwa akisimamia mafundi wachimbe msingi.

"Amepata cha kona," alimwambia mkewe, Dorotea.

Dorotea alichungulia, akasema kona ni nzuri, mtu anaweza kufungua duka.

Mhoja alikuwa ameomba kiwanja Buhongwa tangu miaka sita nyuma. Jumatatu alikwenda ofisi ya viwanja. Karani alifunua jalada bila haraka.

"Vya mwezini viligawiwa Machi, mzee. Walipewa wenye uwezo wa kuendeleza."

"Na ombi langu la Buhongwa?"

"Linashughulikiwa."

Alirudi Igoma kutaka namba ishirini na tano. Teodora hakumcheka. Alimuuzia, akamwambia ile nne abaki nayo, kwa kuwa haina mteja mwingine.

Wiki ilipokwisha mwezi ulitoka mpevu. Kwenye kioo kipya ulienea wote, mweupe, umetulia, hauna bikoni hata moja. Dorotea alisema haujawahi kupendeza hivyo. Mhoja alikubali kwa moyo mmoja, akakichomoa kile kioo, akarudisha namba nne.

Antoni alikuwa ameshapandisha kuta mpaka kwenye lenta, juu ya madirisha.