Maziwa ya Marehemu

Haji Rashwan alipiga magoti mbele ya sinia la vumbi la mbao, akakitazama alichokiacha paka, akashusha pumzi. Kilikuwa kimeshikana. Si sana, kilikuwa laini kama gundi ya seremala kabla haijapoa, lakini kilikuwa na umbo, wala hakikuwa na damu. Akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti, kana kwamba kuna mtu jikoni wa kumwitikia.

Hapakuwa na mtu. Ihsan, mkewe, alikuwa amekwisha kuzikwa, na kati ya vyote alivyoviacha katika nyumba ile ya Dumyat, Misri, chenye pumzi kilikuwa kimoja tu: paka mchanga wa kijivu aliyemwokota chini ya rundo la viti karakanani, siku chache kabla ya moyo wake mwenyewe kusimama. Alimwita Loza kwa kuwa macho yake yalifanana na lozi. Tangu hapo tumbo la Loza lilikuwa bovu. Alikula akaharisha, alikunywa akaharisha, tumbo limevimba kama kibuyu na mgongo ni mifupa mitupu.

Daktari wa mifugo, binti aitwaye Basant, alimpa dawa ya minyoo. Minyoo ikatoka, kuharisha kukabaki.

"Baba Haji," alisema, "huu si ugonjwa wa kupona kwa chupa moja. Utumbo wake umechubuka. Mpe kidari cha kuku kilichochemshwa bila chumvi, na boga kidogo lililopondwa. Kidogo kidogo, mara nyingi. Maziwa asilambe hata tone."

"Paka na maziwa, binti yangu? Hata tone?"

"Hata tone. Akiharisha tena kwa nguvu maji yatamwisha mwilini, na hapo mimi sina la kukuahidi."

Basi Haji Rashwan, ambaye maisha yake yote alichonga mawaridi kwenye migongo ya viti vya maharusi na hakuwahi kuchemsha hata yai, akajifunza kupika. Vidole vilivyozoea patasi vikachambua nyama ya kuku uzi kwa uzi. Majirani wakacheka.

"Makubwa haya!" Mama Nagat alimpigia kelele kutoka dirisha la nyumba ya pili. "Ihsan, Mungu amrehemu, kakupikia ujana wake wote, hukumwoshea hata kijiko. Leo umekuwa yaya wa paka!"

"Nyamaza wewe, bibi. Na wewe ukiharisha nitakupikia boga."

"Mdomo wako mchafu, Haji!" Lakini alikuwa anacheka, na Haji naye, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akajikuta anacheka.

Loza akaanza kucheza na maranda. Akaanza kupanda mguu wa Haji kama mtu apandaye mnazi, na kulala shingoni mwake, pale pale ambapo Ihsan alikuwa akiweka mkono. Haji akajisemea kwamba huyu akiishi, kuna kitu cha Ihsan kitakachoishi. Hakumwambia mtu. Mzee kusema maneno kama hayo juu ya paka ni aibu.

Arobaini ilipofika, wanawake wa mtaa walirudi nyumbani kwa Haji kutoka makaburini na vikapu vya mikate mitamu iliyobaki baada ya kuwagawia maskini kwa ajili ya roho ya marehemu. Mama Nagat alikuja nyuma yao wote. Ndiye aliyeosha maiti ya Ihsan. Mkononi alishika bakuli la maziwa ya nyati wa kufugwa, mazito, utando umeganda juu.

"La Loza hili," alisema.

"Mama Nagat, huyu amekatazwa. Daktari kasema..."

"Haji, nisikilize kwanza." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimemwota Ihsan. Amekaa kwenye kizingiti hiki hiki, midomo imemkauka. Nikamwambia, una nini, dada yangu? Akasema, nina kiu, Nagat."

Bibi mmoja akasema polepole, "Maiti akiomba, hanyimwi." Kila mtu pale alilijua hilo. Maiti akija ndotoni na kiu, kiumbe hai hunyweshwa kwa niaba yake, na ni kiumbe gani aliye karibu zaidi na Ihsan kuliko yule aliyemwokota kwa mkono wake?

Haji Rashwan alitazama bakuli. Yeye hakuwa amemwota Ihsan hata mara moja. Kila usiku alilala akimngoja, na kila usiku ulipita bila ndoto. Kumbe alikuwa amekwenda kwa jirani, na kiu yake. Haji alitaka kusema: mpeni mtoto wa mtu, mpeni punda wa muuza mafuta ya taa, lakini huyu hapana. Lakini akaiona midomo ya Ihsan iliyokauka.

Akalichukua bakuli kwa mikono yake mwenyewe, akaliweka chini.

Loza alikunywa kwa pupa, mkia umesimama. Wanawake walisoma Fatiha. Mama Nagat alilia kwa furaha, na bibi mwingine, asije akapitwa na thawabu, akaongeza mengine kutoka birika la maziwa ya chai.

Asubuhi vumbi la mbao na shuka aliyolalia Loza vilikuwa vimelowa maji matupu yenye damu. Daktari Basant akaja na dawa na maji ya chumvi na sukari. Hakuuliza lililotokea, aliinusa ile shuka, akamtazama mzee, akainamisha macho. "Mnyweshe kwa bomba hili la sindano, tone kwa tone. Asipomeza, usimlazimishe."

Haji akakaa sakafuni, paka kwenye kanzu yake, mwepesi kama konzi ya maranda. Mlango ulikuwa wazi. Mama Nagat akaingia na bakuli jingine, akasimama. Aliyatazama macho ya Loza yaliyozama, akaitazama ile shuka.

"Ni yale maziwa?"

Haji akaufuta mkia wa Loza kwa ncha ya kanzu.

"Haji, ni yale maziwa? Basi kwa nini hukunikataza? Mtu mzima wewe, na mdomo unao! Ungenifukuza! Ungenimwagia usoni!"

"Ulisema ana kiu."

Mama Nagat akaketi kwenye kizingiti, bakuli mapajani, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na wewe hujamwota?"

"Sijamwota."

Alitia ncha ya bomba pembeni mwa ule mdomo mdogo, akabonyeza. Maji hayakumezwa; yalitoka upande wa pili, yakalowesha kanzu. Haji akaufuta mdomo kwa kidole, akavuta maji mengine.