Kwanga ya Shemeji

Wangila alikuwa na dini mbili, ya Jumapili na ya takataka. Ya Jumapili aliweza kuikosa mvua ikinyesha. Ya takataka, thubutu! Tangu arudi na fulana ya kijani kutoka semina moja huko Kyambogo, ua wao wa kupanga pale Ntinda ulipata ndoo tatu na wapangaji wakapata adhabu. Ndoo moja ya plastiki, moja ya chupa, moja ya maganda ambayo Nanyama, mfugaji wa jirani, aliyachukua kwa ajili ya ng'ombe wake. Ukitupa mfuko wa nailoni kwenye maganda, Wangila alikurudishia mlangoni akiwa ameubana kwa vidole viwili kama panya mfu. Juu ya ndoo zote aliandika kwa rangi nyeupe: KILA KITU HURUDI.

Aliyemvumilia ni Huguette peke yake, fundi cherehani kutoka Bukavu, mjane mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Wangila naye alifiwa na mke zamani. Alimpenda mama huyu hata akawa anamwoshea chupa zake, na huyo mama akakubali kuolewa. Ila kwao mwanamke hajiozi, hata awe na wajukuu. Kaka yake, Jean-Pierre wa Mengo, sharti aje atengewe chakula. Akimkubali mwanamume, atakula. Akimkataa, hagusi sahani.

Siku ya kaka kuja, Wangila aliamka alfajiri. Akaamua ua ung'ae. Huguette alikuwa ameenda sokoni kutafuta samaki, na mlangoni pake palikuwa na beseni la vifurushi vya majani ya mgomba, vimefungwa kwa nyuzi nyekundu za cherehani, vinanuka uchachu. Wangila akasikitika. Mwanamke mzuri hivi, kuacha uchafu uoze mlangoni siku ya wageni! Kwa mapenzi yote akakata nyuzi, maana ng'ombe hali nailoni, akazikunja vizuri akazitia kwenye ndoo ya plastiki. Vifurushi akavizamisha katika gunia la Nanyama, aliyekuja kuchukua maganda kwa haraka zake, akaenda nalo.

Huguette aliporudi aliona beseni tupu, kisha akaziona nyuzi.

"Papa Wangila, kwanga yangu iko wapi?"

"Kwanga gani?"

Ndipo akafundishwa, kwa sauti iliyofika barabarani, kwamba kwanga ni muhogo ulioloweshwa ukachachuka, ukatwangwa, ukafungwa kwenye majani na kuchemshwa. Kwamba harufu ile ndiyo utamu wenyewe. Na kwamba Jean-Pierre alikuwa akiiota hiyo kwanga wiki nzima. Wangila hakungoja mwisho wa somo. Alitimua mbio hadi zizini, suruali yake ya kanisani ikijaa tope.

"Ssebo, bwana, zimemaliza yote," Nanyama alimwambia. "Hata majani."

Ng'ombe watatu walimtazama wakicheua bila haya.

Aliporudi, Jean-Pierre alikuwa amekwisha kaa mezani na suti yake, mbele yake ugali na samaki.

"Dada, kwanga iko wapi?"

Huguette akamkazia macho Wangila. Wangila aliwaza kuwasingizia mbwa. Lakini mbwa wa ua ule walikuwa wawili, wazee, hawana meno. Aibu ilimchoma hadi masikioni.

"Nimewapa ng'ombe watatu wa jirani, shemeji. Nilidhani ni takataka."

"Kwetu mwanaume analeta ng'ombe," Jean-Pierre alisema polepole. "Wewe unazilisha chakula ya wakwe?"

Huguette alijiziba mdomo kwa kitenge, mabega yakitikisika. Wangila hakujua kama analia au anacheka, na hakuthubutu kuuliza.

"Ni wewe uliandika kwa ndoo pale inje? Kila kitu hurudi?"

"Ni mimi, shemeji."

"Na unaamini?"

Hapo angeweza kujiokoa. Lakini dini ni dini. "Naamini kabisa."

"Ni vizuri. Basi kwanga yangu nayo irudi. Irudi na miguu yake na pembe yake. Ng'ombe zote tatu."

Kicheko cha Huguette kikapasuka, ua mzima ukasikia. Kwa mara ya kwanza tangu semina ile, Wangila aliomba kuwe na kitu kimoja tu duniani kinachopotea moja kwa moja.

Jean-Pierre akanawa mikono, akamega ugali.