Kuku wa Kopo la Kuning'inia

Mukandoli alikuwa na kuku mmoja tu. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipopita kambi ya Nakivale kilimfagilia kumi na wawili, kikamwachia huyu mwekundu. Na huyu naye, alipokaribia kutaga, akapotea. Wiki mbili baadaye akamwona kwa jirani yake Rwakabuba, baba yake Prince, anakula mtama bila aibu.

"Ule kuku ni wangu, Baba Prince."

"Kuku mwekundu ni wako peke yako? Basi na udongo wa hapa kambini ni wako."

Wakafika kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Natanaeli, nusu ya kijiji ikiwafuata nyuma, maana ugomvi wa jirani hauna kiingilio. Rwakabuba alikuja na tenga: kuku wake sita, mwekundu wa saba.

"Kuku anajua fasi anakulia, pale chakula chake kiko," akasema. Akawafungulia, akatupa mtama chini. Wote saba wakaurukia, mwekundu mbele yao.

"Unaona? Mama, rudia kwako ufuge panya!"

Watu wakaangua kicheko. Mukandoli alikimbia nyumbani, akarudi na kopo la mafuta ya msaada, lile alilolitoboa madirisha ubavuni na kulifunga waya, ili chakula cha kuku wake kining'inie, panya wasikifikie wala kuku wasikichakure. Akatia mahindi yaliyopondwa, akalitundika kwenye boriti ya baraza ya mwenyekiti, likawa usawa wa mgongo wa kuku, kisha akalisukuma kidogo. Kopo likabembea, kwangwa, kwangwa.

Kuku sita wa Rwakabuba, waliozoea chakula cha chini kisicho na vituko, walitawanyika wakipiga mayowe kama wameona mwewe. Mmoja akapita katikati ya miguu ya Rwakabuba. Mwekundu akalisogelea kopo, akalingoja lirudi, akaingiza kichwa dirishani, akala.

"Ni uchawi," Rwakabuba akasema.

"Ni kopo," Natanaeli akamjibu. "Mama, beba kuku wako. Sasa mupeane mikono, ninyi wote ni bakristo."

Rwakabuba akatazama pembeni, akanyoosha mkono kama anayelipishwa faini. Mukandoli akambana kuku kwapani, akamvuta mguu mmoja, mchafu vilevile ulivyokuwa, akautia katika kiganja cha jirani yake.

"Salimia huyu," akasema. "Ni yeye uliiba."