Nani Anagusa Gari la Wiebe?

Gari lilianza kutetemeka wiki ile ile Jelmer alipouliza kama linauzwa, na kwa Wiebe Terpstra hilo lilitosha.

Lilikuwa gari la zamani, la kijani, refu nyuma, lililowahi kubeba ndama, marobota ya nyasi na mbwa watatu waliofuatana kufa kwa uzee. Wiebe alifuga ng'ombe wa maziwa tangu ujana wake, na alipostaafu aliuza kila kitu, hata ngazi. Gari hakuliuza. Sasa kila akiliwasha lilikohoa, mngurumo wake ukapanda na kushuka, usukani ukamtikisa mikono kama mtu mwenye homa, na taa ya njano ya injini ikamkodolea jicho kwenye dashibodi. Ajabu ni kwamba akikanyaga mafuta lilitulia. Akiachia, lilimisi tena, likiruka mapigo.

Jelmer, kijana aliyenunua nyumba ya jirani na kuijaza redio na baiskeli za kale, alikuja na kimashine chake, akakichomeka chini ya usukani, akasoma.

"Mzee Wiebe, inasema hewa nyingi, petroli kidogo. Na silinda zinamisi, mara hii, mara ile. Kuna mahali injini inavuta hewa ya wizi. Niache nitafute."

"Utafute nini?"

"Mpira uliopasuka, au uliochomoka. Mingine iko nyuma kule, haionekani vizuri."

"Au utafute namna ya kulinunua kwa bei ya chuma chakavu."

Jelmer alicheka akidhani ni utani. Wiebe alifunga boneti na kusimama mbele yake mpaka kijana akachukua kimashine chake akaenda.

Mke wake, Froukje, alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani. "Si ungemwacha aangalie?"

"Anayelitaka gari ndiye anayeniambia linaumwa. Wewe huoni?"

"Naona tutakwenda mjini Leeuwarden kwa basi," alisema Froukje, akarudi ndani.

Wiebe akaagiza kimashine chake mwenyewe. Akahamisha koili, ile inayotoa cheche, ya silinda ya tatu akaiweka kwenye ya kwanza, aone kama ugonjwa utaifuata, haukuifuata. Akanunua plagi mpya nne. Akasafisha nozeli za petroli. Siku nyingine, baada ya kusukuma hiki na kubonyeza kile huku mkono umezama mpaka kwenye bega, injini ilitulia kabisa, ikanguruma taratibu kama zamani. Alizifuta namba za hitilafu zilizotokea kwenye kimashine, akaenda kanisani na kurudi bila tatizo, akalala mwepesi. Kesho yake lilitetemeka kama halijawahi kuguswa, na namba zilikuwa zile zile.

Hapo ndipo alipoacha kuwaza juu ya vyuma na kuanza kuwaza juu ya watu.

Alichukua uzi wa sufu kwenye kikapu cha Froukje, akaubandika kwa gundi kati ya boneti na bodi, mahali pasipoonekana. Akafunga banda la gari kwa kufuli. Asubuhi uzi ulikuwa umekatika.

Alhamisi, gari la samaki lilipokuja kijijini, nusu ya watu walikuwa kwenye foleni wakisubiri vipande vya kukaanga. Jelmer alikuwa mbele ya Wiebe. Wiebe alikuwa amejiapiza kunyamaza, lakini kijana aligeuka na kuuliza kwa upole, "Injini inaendeleaje, mzee?"

"Wewe ndiye unayejua. Wewe unayeingia bandani kwangu kama paka."

Muuza samaki aliacha kijiko kikining'inia juu ya mafuta.

"Unasema nini?" Jelmer aliuliza.

"Nasema umechongesha ufunguo. Unaliharibu gari kidogo kidogo mpaka nikuuzie. Kwa lugha yangu huo ni wizi."

Jelmer alibadilika rangi mpaka masikioni. Aliacha nafasi yake kwenye foleni akaondoka bila samaki, na Wiebe akanunua wa kwake huku hakuna anayemwangalia usoni.

Jioni ile alibadilisha kufuli, funguo zote mbili akazitia mfukoni. Akapapasa na kusukuma mipira tena mpaka injini ikatulia. Siku mbili gari lilikuwa zima, uzi haukuguswa. Wiebe alitembea kifua mbele. Siku ya tatu Froukje alimwomba ufunguo akatoe viazi bandani. Alimpa bila kufikiri, akaendelea kunywa kahawa yake. Alipokwenda kuliwasha gari mchana, lilimtikisa mpaka meno.

Uzi ulikuwa umekatika.

Alikaa ndani ya gari muda mrefu, injini imezimwa. Alikumbuka doa jeusi la grisi kwenye kitambaa cha vyombo, aliloliona na kulipuuza. Alikumbuka kwamba Froukje, aliyezoea kulalamika kwa kila jambo, hakulalamika hata mara moja juu ya basi. Alikumbuka hata alivyouliza, juzi, kwa sauti ya kawaida mno, kama kimashine kile kinaweza kuonyesha mpira gani umechomoka. "Hapana," alimjibu, "kinaonyesha hewa imezidi tu." Naye akasema, "Aha." Miaka yote ya ndoa, hakuwahi kumwogopa mke wake. Alipoingia ndani alimtazama akimenya viazi, akajiuliza ni nani huyu.

Jioni ile alipapasa mipira tena mpaka injini ikatulia. Jumatatu alisema anakwenda na baiskeli kumtazama rafiki yake mgonjwa, akaacha ufunguo mezani makusudi. Alipofika kwenye kona ya mfereji aliilaza baiskeli kwenye majani, akarudi kwa miguu kupitia zizi tupu, akachungulia kati ya mbao za banda.

Froukje aliingia amevaa glavu zake za mpira za kuoshea vyombo. Alifungua boneti, akaiegemeza, akainama na kupeleka mkono nyuma ya injini bila kusitasita. Ilikuwa kazi ya muda mfupi.

"Froukje."

Hakushtuka alivyotarajia. Aliutoa mkono polepole.

"Kumbe hujaenda," alisema.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe. Unadhani mtu anayesikiliza habari za injini kila mlo hashiki chochote? Nauvuta mpira kidogo tu, unabaki kwenye ncha, kwa macho unaonekana umekaa. Na si ule unaokwenda kwenye breki. Mimi si mwendawazimu."

"Umeniacha nimwite jirani mwizi mbele ya kijiji kizima!"

"Hilo ni kosa langu, na usiku sikulala. Lakini wewe nawe, daraja lile linaloinuliwa boti zipite?"

"Daraja gani?"

"Usinifanyie hivyo, Wiebe. Taa nyekundu ilikuwa inawaka, kengele inalia, kizuizi kimeteremka kikakwaruza paa letu. Wewe ukasema taa ilikuwa ya njano. Hukusema uongo kunidanganya. Hukuiona kabisa."

Wiebe alifungua mdomo kusema ilikuwa ya njano. Kisha alitazama injini yake, ule mpira mweusi uliolegea alioupapasa mara nyingi bila kuuona.

"Upande wa kushoto," alisema mwishowe. "Nikitazama, kuna kipande hakipo. Kama mtu amekiziba kwa kidole."

"Tangu lini?"

"Tangu majani kuanza kuanguka."

"Na ukaendelea kunipakia humo." Froukje aliiegemea bodi ya gari. "Ningekuambia uache, ungeniambia mimi ndiye kipofu. Gari ndilo pekee unaloliamini likisema linaumwa."

Wiebe alichukua bisibisi, akausukuma mpira mpaka mwisho, na safari hii akamwomba mkewe aangalie kama umekaa sawa, kisha akakaza klampu ya kuubana. Injini iliwaka na kutulia. Wiebe alizunguka gari, akafungua mlango wa upande wa pili, akakaa kwenye kiti cha abiria ambacho hakuwahi kukikalia.

"Sijaendesha tangu binti yetu Sietske azaliwe," Froukje alisema, bado na glavu zake.

"Klachi iachie taratibu."

Waliruka kama chura mpaka barabarani, injini ikazimika mara mbili, wakasimama mbele ya nyumba ya Jelmer. Kijana alitoka akijifuta mikono, akawasikiliza wote wawili mpaka mwisho. Wiebe alisema samahani kwa sauti ambayo hata yeye aliiona ni ndogo mno.

"Uliniita mwizi mbele ya watu, mzee," Jelmer alisema. "Samahani umeniletea hapa mlangoni, tuko peke yetu."

"Alhamisi," alisema Wiebe. "Kwenye foleni."

"Nitakuwepo nisikie," Jelmer alisema, akafunga mlango.

Froukje alitafuta gia ya kurudi nyuma, ikalia vibaya. Wiebe alishika goti lake mwenyewe kwa mikono miwili, isije ikaenda kwenye gia.