Baiti Moja ya Sifuri

Kompyuta iliandika "Imefaulu" kwa rangi ya kijani, na mwandishi wa programu akakitazama tena alichokituma, akajua amekosea.

Dada yake mkubwa, mshonaji, alikuwa ameketi kando yake tangu asubuhi, mkoba magotini, akingoja nyumba ya marehemu mama yao iandikwe jina lake. Kule alikopanga amepewa wiki moja ahame. Ushirika wa nyumba ulikwisha kuachana na makaratasi. Hati zote zilikaa ndani ya mkataba wa kompyuta unaojitekeleza wenyewe, usiosikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Mkataba huo aliuandika mwandishi wa programu mwenyewe. Sehemu ya mwisho ya kila ombi ilitakiwa kuwa tupu: ukituma utupu, mrithi amepokea, ukituma chochote, hata baiti moja, punje ndogo kabisa ya data, mrithi amekataa, na hati inafungwa milele. Aliiweka kinga hiyo dhidi ya walaghai, akaionea fahari.

Leo Python, lugha ya kompyuta aliyoandikia ombi, ilimgomea mara mbili. Aliiacha sehemu ile bila kuandika lolote, ikakataa. Akaandika None, yaani "hakuna" kwa lugha hiyo, ikakataa. Ilichotaka ni herufi b na alama mbili za kunukuu zisizo na kitu katikati, ndiyo namna yake ya kuandika utupu. Alilijua hilo, aliwafundisha hata wenzake. Lakini dada alikuwa akimpigia soga juu ya paa na mapazia, naye kwa pupa akatia baiti ya sifuri, kana kwamba sifuri nayo si kitu.

"Vipi, mdogo wangu? Imekwama tena?"

"Haijakwama, dada."

"Kwa hiyo ni yangu?"

Aliusoma mkataba mstari kwa mstari, akitafuta mwanya aliousahau. Hakuuona; kilichofaulu ni kukataa. Aliichukia kazi yake kwa jinsi alivyoifanya vizuri.

"Dada, nisikilize kwanza..."

"Subiri." Simu ilikwisha kufika sikioni, na machozi yalimlengalenga huku akicheka. "Baba watoto? Fungeni mizigo! Tunakwenda kwetu!" Akaiziba simu kwa kiganja, akamgeukia. "Chumba cha mbele ni chako, na usinibishie. Siku ukichoka na hizi kompyuta zako, njoo ulale."

Ndani ya simu, watoto walikuwa wameanza kugombania nani atalala karibu na dirisha.