Mteja wa Kwanza wa Tajiri

Nyumbani walimwita Tajiri, na wala si kwa sababu alikuwa na kitu. Jina lilimwangukia siku alipotangaza mezani kwamba hatatafuta kazi ya kuajiriwa. Atanunua magari yaliyochoka, atayatengeneza, atayauza. Dada yake alicheka mpaka akapaliwa. "Tajiri, nipitishie chumvi," akasema, na jina likaganda hapo hapo. Lakini dada huyo huyo, mshonaji wa nguo, ndiye aliyeuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo ili mdogo wake apate pa kuanzia. Aliuza bila kuombwa mara ya pili.

Gari la kwanza alilipata nyuma ya ghala lililofungwa, kuku wakitagia kwenye siti ya nyuma. Akalivuta kwa kamba mpaka uani kwa mama yake, na tangu hapo mama akawa anaanika nguo kwa kubanana na boneti. Mjomba wake, ambaye ni fundi magari, alikuja kila alipopata nafasi kushughulikia injini. Yeye mwenyewe alipiga msasa, akapaka rangi, akashona upya siti kwa cherehani iliyobaki ya dada, huku dada akimsimamia na kumtukana kwa jinsi anavyopindisha mshono. Mwishowe likatoka gari. Jeupe, safi, ukiinama kwenye mlango unajiona meno.

Kasoro moja ilibaki, nayo ilikuwa breki. Masta, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu, ilikuwa imeliwa ndani. Ukikanyaga pedeli inashika kidogo, halafu inazama polepole mpaka sakafuni. Mjomba aliikanyaga, akaitazama ikizama, akajifuta mikono kwa kitambaa na kuacha utani wote.

"Hii gari isitoke hapa. Naenda kutafuta masta nyingine, nikirudi nafunga, ndiyo uiuze. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mjomba."

Alisikia kweli. Masikio yake hayakuwa na shida hata kidogo.

Siku iliyofuata simu ikalia. Mtu mmoja mwenye duka la mikate aliona picha ya gari aliyoisambaza Tajiri kwenye simu, amelipenda, anataka kuja kulijaribu asubuhi hiyo hiyo. Kama haiwezekani, basi, kuna jingine mahali analiangalia. Tajiri alisimama na simu mkononi akimwona dada yake dirishani, ameinamia cherehani ile moja, kazi za watu zimemlundikia mpaka kifuani. Akasema njoo.

Na hapa ndipo kijana wetu alipojifanya mjanja. Alijaza mafuta ya breki mpaka kwenye alama. Kisha akafungua dashibodi, akachomoa globu ya ile taa nyekundu inayoonya breki zikiwa mbovu, ili isimchungulie mteja usoni. Akajiambia watazunguka mtaa tu, barabara tambarare, mwendo wa kinyonga, na mteja akishalipenda atamwambia lisubiri siku mbili lifanyiwe sevisi. Mpango ulimwingia akilini vizuri sana. Hata chai aliinywa.

Mwuza mikate alifika kwa miguu. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, ana unga kidogo kwenye nyusi, na leseni yake ilikuwa mpya kuliko viatu vyake. Alilizunguka gari akiguna kwa raha. Alipofungua mlango wa dereva na kujipenyeza ndani, Tajiri akashtuka.

"Bosi, niendeshe mimi kwanza, nikuonyeshe."

"Wewe utalinunua?" Mwuza mikate akacheka. "Kaa hapo pembeni, kijana. Mimi nataka kulisikia mwenyewe."

Wakatoka. Mtaa wa kwanza ulikwenda salama. Mteja alikuwa mwoga wa gia, anaendesha taratibu, na kila alipogusa breki Tajiri alijikuta anakanyaga sakafu upande wake mpaka vidole vya miguu vinauma. Lakini gari lilisimama. Akaanza kupumua. Wakafika njia panda, pale ambapo kulia ni kurudi nyumbani, na mwuza mikate akakata kushoto.

"Bosi, huku ni mlimani."

"Ndiko kwangu, kule juu kabisa. Nataka mama alione. Nikinunua kitu bila mama kukiona, hiyo nyumba haitakalika!"

Tajiri akaitazama njia ya kurudi ikibaki nyuma. Barabara ile aliijua. Baada ya kona ya chini ilipanda moja kwa moja, nyembamba, ukuta huku na mtaro kule, na ili mtu arudi mjini hakukuwa na njia nyingine isipokuwa kushuka hiyo hiyo. Injini aliyoitengeneza Mjomba ikavuta bila kulalamika. Kila walivyozidi kupanda ndivyo alivyozidi kuhesabu mteremko watakaoushuka.

Sema, akajiambia. Sema sasa. Akafungua mdomo, akakohoa. Aliiona cherehani. Aliona gari likirudi uani limekataliwa, na mama akilianikia mashuka, na watu wa mtaa wakipita kuuliza, "Tajiri, biashara vipi?" Akaufunga mdomo. Jasho jembamba likamtiririka mgongoni na shati likagandana na siti aliyoishona mwenyewe.

Karibu na juu, pikipiki ikakatiza mbele yao. Mwuza mikate akakanyaga breki kwa nguvu. Pedeli ikaenda chini, chini, mpaka chini kabisa, lakini walikuwa mlimani na gari likasimama lenyewe.

"Hii breki mbona iko mbali hivi?"

Mlango wa kusema ukweli ulikuwa umefunguliwa wazi, apite tu. Tajiri akasikia sauti yake mwenyewe ikijibu kwa utulivu wa kutisha.

"Ndivyo zilivyo gari za zamani, bosi. Utaizoea."

"Ahaa," mwuza mikate akasema, akaamini. Akaweka gia, wakaendelea kupanda. Tajiri akatazama nje ya dirisha asionekane uso.

Nyumba ya mwuza mikate ilikuwa ya mwisho, geti lake limeelekea bondeni. Aligeuza gari kwa tabu na kelele nyingi, akalisimamisha ndani ya geti, pua ikitazama chini, akavuta breki ya mkono, akapiga honi. Wakatoka wote: mkewe akijifuta maji mikononi, watoto wawili wa kike wakirukaruka, na nyuma yao mama yake mwuza mikate, mwembamba, na mkongojo wake. Bibi akaligonga gari kwa mkongojo sehemu mbili tatu, kama mtu anayechagua tikiti.

"Lina sauti nzuri," akasema. "Nifungulieni nikae."

Kufumba na kufumbua bibi alikuwa siti ya mbele, watoto na mama yao nyuma. Mwuza mikate akamshika Tajiri begani.

"Nafasi imekwisha, kijana. Wewe pumzika hapa kibarazani. Tunashuka nao mpaka njia panda, tunageuza, halafu tuje tuongee bei."

Kitu cha kwanza alichohisi Tajiri, na hakuna haja ya kumfichia, kilikuwa nafuu. Hatakuwa ndani. Kisha yule mtoto mdogo akabandika kiganja kwenye kioo cha nyuma na kumpungia.

Injini ikawaka. Breki ya mkono ikashushwa, alisikia ule mlio wake. Gari likaanza kusogea.

Hakupanga. Alijikuta yuko mbele ya gari, viganja juu ya boneti, miguu amechimbia kwenye changarawe. Alimwona mwuza mikate akitoa macho na bega likishuka, maana yake anakanyaga. Gari halikusimama. Likamsukuma hatua moja. Likamsukuma nyingine, kwa upole, bila haraka, na visigino vyake vikawa vinaburuzika kuelekea pale changarawe inapokwisha na mteremko unapoanza.

"Vuta ya mkono!" akapiga kelele. "Ya mkono! Ya mkono!"

Mwuza mikate alikuwa amekufa ganzi, mikono yote kwenye usukani. Aliyeivuta ni bibi. Aliachia mkongojo, akaushika ule mkono wa breki kwa viganja vyote viwili na kuupandisha, na gari likasimama, likitikisika, mgongo wa Tajiri umegusa nguzo ya geti.

Halafu watoto wakaanza kulia, mama yao akawatoa kwa kuwavuta mikono, mwuza mikate akatoka akiwa amelowa jasho, unga wa nyusi umekuwa uji. Mkewe akamwendea Tajiri na kumshika uso.

"Mwanangu! Umetuokoa! Ungekufa wewe!"

"Breki zimekatika sasa hivi, eh?" mwuza mikate akasema, akihema. "Mungu mkubwa! Tumepanda nazo salama, zinakatika hapa hapa getini! Kijana, ulijuaje? Uliona mafuta yanamwagika?"

Jibu alikuwa ameshatengenezewa. Angesema ndiyo tu. Wangempa maji ya kunywa, wangesimulia ushujaa wake mpaka mjini, na huenda gari wangelinunua baadaye likishatengenezwa, kwa imani ile ile. Mama wa watoto bado alikuwa amemshika mashavu. Aliogopa pale kuliko alivyoogopa mbele ya boneti, kwa sababu kule hakuwa na muda wa kuchagua.

"Hazijakatika sasa hivi," akasema. "Nilijua. Fundi aliniambia lisitoke."

Mikono ya yule mama ikashuka kutoka usoni mwake.

Mwuza mikate akasogea. "Ulijua tulipokuwa tunapanda?"

"Ndiyo, bosi."

"Nikakuuliza. Kwa mdomo wangu nikakuuliza."

"Ndiyo."

Tajiri alisubiri kofi. Alilitaka. Lakini mwuza mikate alikuwa anawaza, na alipouliza tena aliuliza polepole, kama anayetaka kweli kujua.

"Kama hawa wasingepanda. Kama ningeshuka mimi peke yangu. Ungenisimamisha?"

Tajiri alitafuta. Alirudi moyoni mwake mpaka kwenye ile dakika ya nafuu, akatafuta pale kwa uaminifu wote aliokuwa nao, na hakuna alichokipata cha kumpa. Akatazama viatu vyake. Bibi, ambaye bado alikuwa ndani ya gari akingoja kusaidiwa kushuka, akasema neno moja tu: "Ehee."

"Nitaliondoa, bosi," Tajiri akasema. "Nitaliondoa sasa hivi. Nikishuka nalo gia ya kwanza, na breki ya mkono, nitafika. Naomba ufunguo."

Akanyoosha mkono. Mwuza mikate akauchomoa ufunguo, akautazama, akaufumbata.

"Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Basi hulishushi."

"Bosi, ni kosa langu, acha mimi..."

"Nimesema hulishushi!" Sasa ndipo alipopaza sauti, mpaka watoto wakanyamaza. "Unadhani mimi niende kumwambia nini mama yako? Toka. Shuka kwa miguu. Mlete fundi wako alitengenezee hapa, na usikanyage tena kwangu bila yeye."

Akaokota mawe mawili makubwa kando ya ukuta na kuyapachika mbele ya matairi, moja moja, akiyapigilia kwa kiatu. Kisha akaenda kumshusha mama yake.

Tajiri akashuka mlima kwa miguu. Mteremko ulikuwa mkali kuliko ulivyoonekana kwenye kioo cha gari. Hata kwa miguu ilimbidi ajizuie. Njia nzima hakuweza kujizuia kuona gari likiteremka bila breki. Pale chini kwenye kona, ukuta ulikuwa umebomoka, na kwenye lile pengo palikuwa na ua, na uani palikuwa na mwanamke anayekosha vyombo kwenye beseni, mtoto mchanga amelala kwenye mkeka kando yake, kivulini. Walikuwa pale pale ambapo gari lisiloweza kukata kona lingeingia. Saa ile alipopita akipanda alikuwa upande huo huo, kando ya dirisha, na hakuwaona.

Akasimama. Akashika ukuta.

Mwanamke akainua uso, akatabasamu kumwona mgeni. "Karibu. Habari za huko juu?"

"Nzuri," Tajiri akajibu, na akaendelea kusimama pale, ukuta ameushika, hawezi kuondoka.